Kutu, Mafuta na Mtutu: Historia ya Kutunza Bunduki Kati ya Chetambe na Eldoret

Lumakanda, makao ya kaunti ndogo ya Lugari kaskazini mwa Kakamega, iko kati ya mahali pawili ambapo mwandishi yeyote wa historia ya silaha nchini Kenya hana budi kupataja. Upande wa magharibi, juu ya mji wa Webuye, kuna vilima vya Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Upande wa mashariki kuna Eldoret, ambako serikali ya Kenya ilianzisha kiwanda chake cha risasi katika miaka ya 1990. Kati ya vita vile na kiwanda hiki imepita karne nzima, na katika karne hiyo wanahistoria wetu wamejizoeza kuhesabu bunduki: zililetwa ngapi, nani alizinunua, zilinyang'anywa lini. Hesabu hiyo ina faida yake, lakini haitoshi. Bunduki isiyosafishwa haidumu kuwa bunduki. Baada ya misimu miwili au mitatu ya mvua za huku, huwa ni bomba lenye kutu lililofungwa kwenye ubao. Kwa hiyo kila tunapouliza nani alikuwa na bunduki, sharti tuulize pia nani alikuwa na mafuta, kitambaa, maji ya moto na ujuzi wa kuvitumia. Nashikilia kwamba katika eneo hili nguvu ya dola ilitegemea utunzaji wa silaha sawasawa na ilivyotegemea silaha zenyewe, na kwamba mashine za leo zinazosafisha chuma kwa mawimbi ya sauti ni hatua ya karibuni tu katika shindano hilo la zamani.

Tuanze na uchafu wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa hatutaelewa lolote. Baruti nyeusi ya zamani ilitengenezwa kwa shura, makaa na kiberiti. Ikiwaka haiishi yote kuwa moshi: zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama masizi na chumvi za aina aina, na sehemu kubwa ya mabaki hayo hubaki ndani ya mtutu. Chumvi hizo huvuta unyevu kutoka hewani. Mtu akipiga gobori lake asubuhi na kuliweka kando bila kulisafisha, kufikia kesho yake masizi yamekuwa tope jeusi, na chini ya tope hilo chuma kimeanza kuliwa. Dawa yake haikuwa mafuta. Mafuta hayayeyushi chumvi. Hukaa juu yake na kuifunika, na kutu huendelea kimyakimya chini. Dawa ilikuwa maji, na maji ya moto yalikuwa bora kwa sababu huyeyusha haraka na chuma kilichopata moto hujikausha chenyewe. Baada ya maji, mdeki uliofungwa kitambaa ulipitishwa mpaka kitambaa kitoke kikavu na safi, ndipo yakapakwa mafuta au shahamu. Kazi hii ni rahisi kuieleza lakini inachosha kuifanya, na haisubiri. Aliyerudi kutoka mawindoni au vitani akiwa na njaa na usingizi alipaswa kuifanya kabla ya kula na kulala, ama sivyo aanze kuipoteza silaha yake siku hiyo hiyo.

Bunduki za namna hiyo zilimiminika Afrika Mashariki kupitia Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka. Nyingi zilikuwa za bei rahisi, nyingine zikiwa zimetengenezwa Birmingham mahususi kwa soko la Afrika, nyingine zikiwa silaha za majeshi ya Ulaya ambazo muda wake ulikuwa umepita. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilizibeba hadi bara, na moja ya njia zake iliishia kwa Wawanga, mahali ambapo wasafiri walipaita Kwa Sundu na leo tunapaita Mumias. Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883 alikuta njia imekwisha kufunguliwa na wafanyabiashara wa pembe. Ukichukua makadirio ya Unguja na kuyazidisha kwa miaka kumi, unapata idadi kubwa kiasi kwamba kila kijiji cha bara kingepaswa kuwa na ghala la silaha. Hakikuwa nalo. Zingine zilipasuka, zingine zilikosa baruti na fataki, lakini naamini sehemu kubwa iliangamizwa na masizi na unyevu, kwa kuwa biashara iliyozileta haikuleta pamoja nazo fundi wala vipuri.

Mataifa ya Ulaya yalilijua jambo hilo vizuri, na ushahidi wake uko wazi katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Mkataba ule ulipiga marufuku uingizaji wa silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Lakini uliacha mlango: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea kuuzwa kwa ruhusa. Wengi huusoma mkataba huu kama juhudi ya kuzuia biashara ya watumwa, na lengo hilo lilikuwamo. Lakini tazama kile kilichoruhusiwa. Mwafrika aliachiwa silaha inayochafuka upesi kuliko zote, inayopiga karibu, na isiyomaliza misimu mingi katika nchi ya mvua. Silaha ambayo ingeweza kudumu mikononi mwake ndiyo iliyokatazwa.

Sasa twende Chetambe. Chanzo cha vita vya 1895 kilikuwa bunduki zenyewe. Baadhi ya askari wa Kisudani walitoroka kituo cha Mumias, na silaha zao zikaishia kwa Wabukusu. Kikosi kilichotumwa kuzirudisha kilishambuliwa na kuangamizwa. C. W. Hobley, aliyekuwa amewasili Mumias mwaka huo kuwa mtawala, akaandaa jeshi la kuadhibu: askari wa Kisudani, Waganda, Wawanga wa Mfalme Mumia na Wamasai, wakiwa na bunduki ya Maxim na mzinga mdogo wa Hotchkiss. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza, kisha ya Chetambe. Wabukusu hawakuwa watu wasiojua silaha. Walikuwa wamekwisha kupigana na misafara, walijenga kuta na mahandaki yenye akili, na baadhi yao walikuwa na bunduki za kisasa kwa wakati huo. Walichokosa ni kila kitu kinachoifuata bunduki: risasi za kujazia zilizokwisha, springi ya kubadilishia iliyovunjika, mtu aliyefunzwa kuifungua na kuifunga, na chupa ya mafuta inayojazwa tena ikiisha. Upande wa pili vitu hivyo vilikuja kwa msafara kutoka pwani, vikiwa vimeandikwa katika orodha, na kulikuwa na mtu wa kuadhibiwa visipoonekana.

Hapa naona pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Msomaji atasema kwamba Chetambe iliamuliwa na Maxim, si na vitambaa na mafuta. Silaha inayomimina mamia ya risasi kwa dakika haihitaji maelezo mengine. Nakubali kwamba Maxim na Hotchkiss ndizo zilizovunja ngome. Lakini Maxim ndiyo silaha inayothibitisha hoja yangu kuliko nyingine yoyote. Ilihitaji maji katika koti lililozunguka mtutu, mkanda mkavu usiovimba, springi iliyopimwa, sehemu zinazoteleza zilizopakwa mafuta, na watu waliofundishwa kuikwamua. Miaka kumi kabla ya Chetambe, tarehe 17 Januari 1885, Waingereza walikuwa Abu Klea nchini Sudan na bunduki ya Gardner, mtangulizi wa Maxim katika kazi hiyo. Ilikwama katikati ya mapigano, na watu waliokuwa wakiihudumia wakauawa wakijaribu kuikwamua. Silaha za namna hiyo zina nguvu mradi zitunzwe, na zisipotunzwa ni mzigo. Kama Wabukusu wangeiteka Maxim mwaka 1895, ingewafaa kwa saa chache tu.

Utunzaji ukawa kazi rasmi ya kila siku baada ya kuundwa kwa Keya, yaani kikosi cha King's African Rifles, mwaka 1902. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia na baadaye, bunduki iliyotawala ilikuwa Lee-Enfield ya .303, ambayo kizazi kizima cha Wakenya kilikuja kuijua katika sura yake ya mwisho kwa jina la Mark 4. Ukifungua kifuniko kidogo cha shaba nyuma ya kitako cha bunduki hiyo unakuta tundu. Ndani ya tundu mna chupa nyembamba ya mafuta, mfuniko wake ukiwa na kijiko cha kudondoshea, na pembeni yake kamba iliyosukwa, ncha moja ina uzito wa shaba na nyingine vitanzi. Askari aliingiza kipande cha kitambaa cha flaneli katika kitanzi, akauangusha uzito kutoka kwenye chemba hadi mdomoni mwa mtutu, kisha akaivuta kamba kwa mkupuo mmoja bila kusita, kwa sababu kitambaa kikikwama katikati ni taabu kukitoa. Kwangu tundu lile lina uzito wa kihistoria kuliko singe. Linaonyesha dola iliyofikiri kwamba mwanajeshi mmoja, mbali na kambi, katika mvua, lazima aweze kuiokoa silaha yake kwa mikono yake mwenyewe.

Chumvi ya zamani ilikuwa imerudi kwa njia nyingine. Baruti nyeusi iliondoka mwishoni mwa karne ya 19 na mahali pake ikaja baruti isiyo na moshi, lakini fataki ya risasi za .303 bado ilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha chumvi ya kundi moja na ile ya mezani. Ilikuwa kidogo kwa kuangalia, na mtutu ungeweza kung'aa machoni mwa mkaguzi huku ukiwa umepakwa sumu. Kwa hiyo jeshi la Uingereza liliagiza maji yaliyochemka yamiminwe ndani ya mtutu kwa faneli ya bati, kisha mtutu ukaushwe na kupakwa mafuta. Aliyeruka hatua ya maji akaenda moja kwa moja kwenye mafuta aligundua kosa lake siku chache baadaye, pale mifereji ya ndani ilipoanza kuonyesha vishimo. Mambo haya yalifundishwa kwa Kiswahili, lugha ya amri ya Keya, kwa vijana waliotoka vijijini kote Magharibi ya Kenya. Mtihani wao mkubwa ulikuja Burma mwaka 1944, ambapo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa masika mabaya ya Asia, katika matope na mvua zisizokatika. Waliotoka hai huko walijua kuipigania bunduki dhidi ya kutu kuliko walowezi wengi waliokuwa wamebaki Kenya.

Ujuzi huo ulirudi nyumbani bila silaha. Askari wa Keya alikabidhi bunduki yake aliporuhusiwa kuondoka jeshini. Katika nyanda walizotengewa Wazungu, pamoja na mashamba ya upande wa Lugari na Turbo, bunduki zilikaa katika nyumba za walowezi, na katika safari za uwindaji aliyezisafisha usiku karibu na moto alikuwa mbeba bunduki Mwafrika, ambaye sheria haikumtazamia amiliki hata moja. Kwa nusu karne, watu waliojua zaidi kutunza silaha walikuwa wale wasioruhusiwa kuwa nazo. Mnamo Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa huko Malakisi na kuwaua watu 11. Elijah Masinde, kiongozi wa dini hiyo, alikuwa amewakusanya wafuasi wake Chetambe mwaka uliotangulia ili kuwakumbuka waliokufa 1895. Kizazi cha Chetambe kilikuwa na bunduki. Umati wa Malakisi haukuwa nazo. Zilizokuwapo zilitwaliwa, na zilizofichwa zilikosa mafuta.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ilipitishwa mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari. Watu hukumbuka leseni. Mimi naona sehemu isiyozungumzwa ni ile inayomhusu fundi: sheria ilimweka mtengenezaji na mrekebishaji wa silaha kundi moja na mfanyabiashara wa silaha, akihitaji kuandikishwa. Kwa maana nyingine, kutengeneza bunduki ya mtu kulikuwa jambo la kuombewa ruhusa. Sababu yake haikuwa ya kubuni. Msituni, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakiunda bunduki kwa mabomba ya maji, kipande cha komeo la mlango kikawa cha kugongea fataki, na ukanda wa mpira ukafanya kazi ya springi. Nyingi zilipiga mara chache, nyingine ziliwadhuru wenyewe. Lakini zilionyesha kwamba fundi ni hatari kuliko bunduki moja, kwani bunduki moja huisha na fundi huendelea. Serikali ya Kenya huru iliirithi sheria hiyo, na mwaka 2014 marekebisho ya sheria za usalama yakaunda bodi ya kutoa leseni za silaha.

Kuanzia 1962, chini ya mpango uliojulikana kama wa ekari milioni moja, serikali ilinunua mashamba ya walowezi na kuyagawa. Ndipo Lumakanda ilipopata sura yake ya leo: vipande vya mahindi na ng'ombe vya Wamaragoli, Wabukusu, Wakabras na wengineo mahali palipokuwa na mashamba makubwa ya watu wachache. Kabati za bunduki ziliondoka na wenyewe. Silaha iliyobaki machoni mwa mwananchi wa kawaida ilikuwa ile ya askari polisi, na kadiri miaka ilivyopita hiyo ikawa G3 ya Kijerumani. Wakati huo huo kemia ilikuwa imebadilika: risasi mpya za 7.62 zilikuwa na fataki isiyoacha chumvi, na maji yaliyochemka hayakuhitajika tena. Mtu angedhani tatizo limekwisha. Lakini G3 ina tabia yake. Kuta za chemba yake zimechongwa vijifereji ili gesi ipite kando ya ganda la risasi na kulilegeza lising'ang'anie, na vijifereji hivyo hujaa masizi magumu yanayookwa na joto la kila mpigo. Kitambaa hakifiki humo. Inatakiwa brashi maalumu, subira, na macho mazuri.

Pingamizi la pili linatoka kaskazini. Tarehe zinajulikana: mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, Wakaramojong waliivamia ghala ya silaha ya jeshi la Uganda huko Moroto, na maelfu ya bunduki yakasambaa hadi Pokot na Turkana. Silaha hizo, na bunduki aina ya AK zilizofuata kutoka vita vya Sudan na Somalia, zimeishi miongo mingi mikononi mwa wafugaji wasio na faneli wala flaneli. Je, hilo halivunji hoja kwamba utunzaji ndio unaoamua? Nadhani linaikamilisha. AK haikunusurika na kutu kwa bahati. Waliounda silaha hiyo walitia kromu ndani ya mtutu na chemba, na waliacha nafasi kati ya sehemu zinazosogea ili uchafu usizisimamishe. Kazi ambayo askari wa Keya aliifanya kila jioni kwa kamba ilihamishiwa kiwandani na kufanywa mara moja tu, kabla silaha haijauzwa. Kutu ilikuwa mshirika wa dola tangu siku za Mkataba wa Brussels: ilikusanya bunduki za raia bila gharama. Ilipofika AK, mshirika huyo akakosekana, na serikali ikalazimika kuzikusanya kwa msamaha, kwa operesheni na kwa moto. Bunduki 5,250 zilizochomwa Ngong mwezi Novemba 2016 ni kazi ambayo zamani ingefanywa na mvua.

Sasa mashine. Kisafishio cha mawimbi ya sauti ni beseni la chuma kisichoshika kutu, lenye maji ya moto yaliyotiwa sabuni maalumu. Chini ya beseni kuna vipande vya kauri ambavyo hutetemeka vikipitishiwa umeme, mara nyingi mitetemo 40,000 kwa sekunde, mara mbili ya kiwango ambacho sikio la binadamu linaweza kusikia. Mtetemo huo hupasua maji na kuzalisha vipovu vidogo mno, ambavyo hujifunga tena kwa kishindo na kurusha michirizi ya maji juu ya chuma. Nguvu hiyo ilijulikana kwanza kama adui. Mwaka 1895, mwaka ule ule wa Chetambe, wahandisi Thornycroft na Barnaby walieleza jinsi vipovu vilivyokuwa vikipunguza nguvu ya parapela za manowari ya Daring, na mwaka 1917 Lord Rayleigh alikokotoa msukumo unaotokea kipovu kinapojifunga. Ilichukua hadi miaka ya 1950 viwanda kuutumia msukumo huo kusafishia vito, saa, vifaa vya hospitali na baadaye silaha. Faida yake kwa fundi wa silaha ni dhahiri: kipovu huingia pasipoingia brashi. Masizi yaliyookwa kwenye vijishimo vya kichwa cha bolti na kwenye tundu la pini hutoka kwa dakika chache, bila kukwangua.

Lakini mashine hii ina masharti yake, na mafundi wanayajua kwa uchungu. Haichagui: inatoa masizi na mafuta pamoja, hata yale yaliyojificha ndani kabisa ya chuma. Chuma kinachotoka katika beseni kiko uchi, bila mafuta, na katika hewa yenye unyevu kama ya Lugari wakati wa mvua huanza kushika kutu kwa saa chache, tena mahali pasipoonekana. Kwa hiyo lazima kisuuzwe, kikaushwe, kisha kichovywe mara moja katika mafuta yanayofukuza maji. Vitako vya mbao, darubini na alama za shabaha zinazong'aa usiku haviingizwi humo. Rangi na baadhi ya mipako huweza kubanduka. Risasi hai hazikaribishwi hata kidogo. Mwanafunzi wa historia atalitambua jambo hili: ni kosa lile lile la askari wa .303, ila safari hii kwa kinyume. Yeye aliruka maji akaenda kwenye mafuta. Mtumiaji wa beseni anaishia kwenye maji akasahau mafuta.

Kuna hasara nyingine isiyo ya kemia. Kusafisha kwa mkono kulikuwa pia ukaguzi. Aliyevuta kamba alihisi mahali mtutu ulipovimba, aliyefuta bolti aliona ufa unaoanza, aliyekunja springi alijua imechoka. Beseni hurudisha kipande kinachometa na halisemi chochote kuhusu afya yake. Na beseni linahitaji umeme, sabuni na chumba, kwa hiyo linakaa makao makuu. Ujuzi uliokuwa katika tundu la kitako unapanda ngazi hadi kwa mafundi wachache. Hilo linaendana na mwelekeo wa taifa: risasi zinatengenezwa Eldoret, na tangu Aprili 2021 serikali ina kiwanda cha kuunganisha bunduki ndogo huko Ruiru. Sina ugomvi na viwanda hivyo. Nchi inayoagiza kila ganda la risasi kutoka nje haiwezi kusema inamiliki ulinzi wake. Hofu yangu ni kwa askari aliye mwisho wa barabara, ambaye anaweza kuanza kuamini kwamba usafi wa silaha ni shughuli ya mtu mwingine.

Pingamizi la mwisho linagusa dhamiri. Je, si aibu kuandika kurasa kuhusu mafuta na vitambaa katika eneo lililoona mauaji ya baada ya uchaguzi wa 2007? Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Silaha iliyotunzwa vizuri huua kwa uhakika kuliko iliyotupwa, na hakuna usafi wa mtutu unaomsafisha aliyeushika. Ni kweli yote. Lakini utunzaji wa silaha ndio mahali pekee ambapo kila bunduki ya dola hupita mikononi mwa mtu mwingine kwa ratiba, ikiwa na namba yake, jina la aliyepewa, hesabu ya risasi alizochukua na alizorudisha. Masizi ndani ya chemba ni ushahidi kwamba silaha imepigwa. Daftari la ghala la silaha linaloandika lini bunduki ilikuja chafu na nani aliileta ni chombo cha haki kama lilivyo cha ufundi. Kwa sababu hiyo mashine inayofuta kila alama kwa dakika kumi haifai kufanya kazi kabla ya mtu kutazama na kuandika alichoona.

Ndiyo maana ningependa kuona visafishio hivi vikigawiwa hadi ngazi ya kaunti ndogo, Lumakanda ikiwamo, badala ya kubaki katika karakana za miji mikubwa, huku kila askari, pamoja na askari wa akiba anayebeba silaha ya zamani, akiendelea kupewa chupa ya mafuta, kamba na kitambaa na kuulizwa juu yake katika paredi. Agizo la ukaguzi litangulie beseni: kwanza namba ya silaha na hali ya chemba ziandikwe, kisha mkono, kisha mashine kwa kile ambacho mkono haukufika, kisha mafuta siku hiyo hiyo. Watafiti nao wakirudi Chetambe na kwenye kumbukumbu za vituo vya zamani, waangalie zaidi ya orodha za bunduki zilizotekwa. Wazitafute hati za stoo, galoni za mafuta, yadi za flaneli na majina ya mafundi wa Kiafrika waliosaini kuzipokea.